Nyuma ya Nembo

Nchi yenyewe ukiitafuta kwenye ramani huioni. Ukiacha kuitafuta, unajikuta umo ndani yake na askari anakuuliza kitambulisho. Haina bahari. Milima inayo, ila wenyeji wanakatazwa kuipanda wasije wakaona mbali. Fahari yake ilikuwa moja tu, nayo ni tembo jike, mkongwe, mpole, aliyefugwa katika Bustani ya Wanyama ya Taifa tangu siku bendera ilipopandishwa. Jina lake la serikali lilikuwa Nembo Hai. Mtu aliyempenda kwelikweli, naye alikuwa mmoja, alimwita Bi Mkubwa.

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na sheria ambayo mgeni akiisikia hucheka, kisha akiona anacheka peke yake hufunga mdomo. Ilikuwa marufuku mtu kupita nyuma ya Nembo. Asili yake ni kwamba siku ile ya bendera waasisi walimzunguka tembo kwa shangwe, na mmoja wao, aliyevaa suti nyeupe ya kuazima, akasimama pasipostahili katika dakika isiyostahili. Dobi akatoa ushauri. Ushauri wa dobi ukawa azimio, azimio likawa sheria, sheria ikaingia kwenye katiba, na watoto wa shule wakatungiwa wimbo: Mbele tu, mbele tu, nyuma kuna nini? Hakuna!

Miaka ikaenda, na nyuma ya Nembo hakukuwa tena mahali palipokatazwa. Pakawa mahali pasipokuwapo. Sanamu yake ya shaba pale mjini iliundwa kichwa, mkonga, miguu ya mbele na mwanzo wa mbavu, halafu ikagandishwa kwenye ukuta wa posta. Mtoto mmoja alimchora tembo akamtia mkia, wazazi wakaitwa.

Lakini tembo anakula, na anayekula ana mwisho wa kula. Kazi ya kuufagia mwisho huo alipewa Mzee Lugendo, mtunzaji wake. Aliingia bandani kinyumenyume, macho yake yakitazama lango, akafagia kwa fagio refu alilolipitisha ubavuni bila kugeuza shingo. Alichokifagia kiliitwa mrejesho. Mzee Lugendo aliipenda sheria hiyo kuliko walioitunga. "Mimi nimefanya kazi hapa hadi nimezeeka," alikuwa akisema akijipiga kifua, "na sijawahi kuona kitu."

Daktari wa Nembo alikuwa mama mmoja anayeitwa Nyamizi. Alisomea wanyama wakubwa, vifaru, viboko, tembo, akarudi nyumbani na cheti kizuri na glavu ndefu za kufika begani. Glavu zilikaa kabatini, maana kwa kutazama uso tu huhitaji glavu. Aliyemtangulia katika kazi hiyo alihoji jambo moja mkutanoni, akahamishiwa Idara ya Nyangumi. Nimeshasema nchi haina bahari. Nyamizi alimwona mara mojamoja sokoni, amekonda, akinunua dagaa, na kila alipomwona alijipa neno lile lile la hekima: Nyamizi, tazama mbele.

Basi ikafika Siku ya Sahani.

Siku ya Sahani ndiyo sikukuu kuu ya nchi ile. Huokwa keki ya mayai, kubwa kama mlango wa ghala, ya kulishwa Nembo kwa mikono ya viongozi. Na kwa kuwa keki ni ya taifa, kila idara lazima iikague kwanza: Mayai, Sukari, Usalama, Utamaduni, mpaka Barabara. Keki ilizungushwa juani kutoka ofisi hadi ofisi, kila mkuu akiibonyeza kwa kidole na kusema imeiva. Ilipofika kwa Nembo ilikuwa imeanza kutoa jasho. Tembo akala. Na makombo ya Nembo ni baraka, kwa hiyo kila aliyekuwapo, kuanzia waziri mpaka mfagiaji, alichota tonge lake akameza, macho kafumba.

Nyamizi alikuwa na mafua siku hiyo, hakula. Mafua yale watu walimhesabia kuwa mkosi.

Wiki haikuisha, Mzee Lugendo akaja mlangoni kwake anahema. "Mama Daktari, njoo. Bi Mkubwa hayuko sawa. Ana huzuni."

"Huzuni ya namna gani, baba?"

"Ya majimaji."

Nyamizi akaenda akasimama mbele, kama ilivyoagizwa. Macho ya tembo yalikuwa yameingia ndani, mkonga umelala chini kama kamba iliyosahauliwa, ulimi mkavu. Majani hakuyagusa. Halafu kutoka upande usiokuwapo ikasikika sauti, kama mtu amemwaga ndoo ya maji ya mchele juu ya saruji, na harufu ikafuata, harufu ambayo aliyesoma ugonjwa huo mara moja haisahau.

Tembo hupimwa joto ndani ya donge la kinyesi lililodondoka punde. Hapa donge hakuna. Nyamizi alijua palepale: bakteria wameingia matumboni, na kama si salmonela basi ni ndugu yake. Anatakiwa maji mengi, dawa, atengwe, na kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni. Asipopata hayo atakauka akiwa amesimama, na tembo akianguka hainuliwi na mtu.

"Na wewe, Mzee Lugendo, mbona umejishika tumbo?"

"Nimemzoea," akasema mzee kwa majivuno. "Akihuzunika, nahuzunika."

*

Kamati ikakaa. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Nembo na Staha, Mheshimiwa Kibwagizo, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kumrudishia mwenyewe, yaani Baba Mtukufu, mkuu wa nchi.

"Habari za asubuhi, Daktari, kama alivyosema Baba Mtukufu."

"Nzuri, Mheshimiwa. Nembo anaumwa. Ni tumbo."

Watu wakatazamana. Mwanasheria wa wizara akavaa miwani. "Tumbo hilo, Daktari, liko upande gani?"

"Katikati."

"Katikati kuelekea mbele, au katikati kuelekea kule?"

"Linaanzia mbele, linaishia kule."

"Basi nusu ya ugonjwa," mwanasheria akasema akivua miwani, "haipo kisheria."

"Na nusu iliyobaki haitoshi kuwa ugonjwa, kama alivyosema Baba Mtukufu," akasema Mheshimiwa Kibwagizo, kisha uso ukambadilika, akasimama ghafla. "Naomba nitoke kidogo, nikatafakari."

Akatoka mbio. Hajarudi, mwanasheria naye akaenda kutafakari, na wajumbe wengine wakafuatana, wengine wakigongana mlangoni. Taifa lilikuwa halijawahi kuwa na viongozi wenye tafakuri kama wiki ile. Nyamizi alibaki na viti vitupu, na kwa kuwa alikuwa daktari alielewa vizuri sana walikokwenda na kwa nini. Walikula keki. Wote wanaumwa. Waliporudi, wamekauka midomo, akawatazama usoni, nao wakamtazama usoni.

"Ipelekwe sampuli maabara," hatimaye Nyamizi akasema, kwa sauti ya kuomba. "Maabara wataiotesha. Wanachukua kile... mrejesho, kibichi, kama kilivyo, wanakipanda kwenye visahani, wanakipa joto, wanangoja. Na ipelekwe zaidi ya mara moja, maana mdudu huyu leo anaonekana, kesho hayupo, kama diwani."

"Sampuli itapelekwa," akasema waziri. "Lakini itapelekwa kwa staha. Hata mfungwa akipelekwa mahakamani huogeshwa kwanza."

Ikaitwa Idara ya Itifaki. Kina mama wenye mavazi ya kitaifa wakaipokea sampuli kutoka kwa Mzee Lugendo, nyuso zimetazama mbele. Wakaichuja kwa sabuni ya unga. Wakaianika juani juu ya kitambaa cheupe. Ilipokauka wakaifukiza udi, wakainyunyizia marashi ya mawaridi, wakaifunga kwa utepe wenye rangi za bendera, ikawekwa juu ya mto wa hariri na kupelekwa maabara kwa king'ora.

Nyamizi aliyaona yote. Alijua sabuni inaua nini, na jua linaua nini, na moshi unamalizia nini. Akafungua mdomo.

"Una swali, Daktari?" akauliza waziri.

Akamwona akilini yule wa Nyangumi, na fungu lake la dagaa.

"Hapana, Mheshimiwa. Nilikuwa napiga mwayo."

Hiyo ndiyo aibu yake ya kwanza, na ilikuwa ndogo, ya kuingia mfukoni. Ndiyo maana akaibeba.

Majibu yakaja yamepigwa muhuri. Hakuna mdudu aliyeota. Sampuli inanukia vizuri mno, na maabara inaomba ibaki nayo ofisini.

"Basi!" Mheshimiwa Kibwagizo akapiga meza. "Tumbo limesafishwa na sayansi. Sasa, kiumbe asiye na ugonjwa akakataa kula, ana nini? Ana huzuni. Na huzuni ya Nembo haiwezi kuwa ya hivihivi. Ni huzuni ya kizalendo. Wananchi hawampendi inavyotosha, kama alivyosema Baba Mtukufu. Daktari atasoma redioni."

Daktari akasoma redioni. Alisema Nembo Hai hana ugonjwa wa mwili, ana huzuni ya kizalendo. Dawa ni kwaya kutoka kila wilaya, zimwimbie usoni. Na mwananchi yeyote akiona dalili kama za Nembo, naye ana huzuni hiyohiyo, aimbe. Sauti yake ilikuwa safi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote: kwamba haikutetemeka hata kidogo.

*

Kwaya zikaja. Ziliimba asubuhi, mchana, jioni, zikipokezana kama walinzi. Tembo alisimama ameegemea ukuta, masikio yameanguka, na kila wimbo ulipofika kwenye kiitikio, upande usiokuwapo uliitikia.

Mzee Lugendo alikuwa amelala kwenye majani makavu pembeni ya banda. Mashavu yalikuwa yameingia, mikono inamtetemeka, lakini midomo ilikuwa inacheza.

"Unasemaje, baba?" Nyamizi akachuchumaa.

"Naimba. Nimeanza tangu alfajiri." Akatabasamu. "Nilikusikia redioni, Mama Daktari. Ulisema vizuri! Nikamwambia mke wangu, umesikia, nina ugonjwa mmoja na Nembo. Nani mwingine kapewa heshima hiyo?"

"Hospitali hukwenda?"

"Nilipelekwa. Nesi akaniuliza nina nini, nikamwambia huzuni ya kizalendo, imethibitishwa na daktari wa Nembo. Akasema huzuni hawana kitanda chake. Wakanipa karatasi ya nyimbo." Akakohoa. "Mke wangu, Mama Semeni, alitaka kuwaambia naha... naendesha. Nikamnyamazisha. Mtu unawezaje kusema neno lile kuhusu ugonjwa wa Nembo? Ni sawa na kumtazama kule."

Nyamizi alikuwa na chupa ya maji aliyochanganya chumvi na sukari. Akamnywesha. Maji yale kwa mtu aliyefikia pale ni sawa na kuzima nyumba inayoungua kwa kikombe cha chai. Alitakiwa sindano, dripu, kitanda, na vyote hivyo vilikuwa mtaa wa pili, vikingoja neno moja kutoka kwake.

"Hii ndiyo dawa ya huzuni?" akauliza mzee.

"Ndiyo, baba."

"Ina chumvi."

"Huzuni ina chumvi, baba."

Mzee akacheka, akapenda maneno hayo, akayarudia. Na Nyamizi akaondoka akijiambia kesho atasema. Aibu ilikuwa haiingii tena mfukoni. Sasa alitembea nayo kama mtu aliyebeba godoro barabarani, akidhani kila mtu anamtazama.

Kesho yake aliwahi. Bi Mkubwa alikuwa amejikokota mpaka pembeni, ameweka ncha ya mkonga juu ya kifua cha mzee, anapuliza, ananusa, anapuliza tena. Kifua hakikuinuka. Karatasi ya nyimbo ilikuwa mkononi mwake.

Jamaa walikuja kumchukua. Kwaya ya wilaya iliyokuwa zamu ikanyamaza kidogo kwa heshima, kisha ikaendelea, kwa kuwa ratiba ni ratiba.

Nyamizi akarudi nyumbani, akafungua kabati, akachukua glavu ndefu.

Mchana wa jua kali, waziri akiwa jukwaani anahutubia na kwaya imejipanga, Nyamizi akatembea akampita tembo ubavuni akiwa na ndoo ya dawa na mpira wa maji, akaenda nyuma.

Huko nyuma kulikuwako. Kulikuwa na ukuta, na nzi, na dimbwi la kutosha kuzama viatu, na mkia wa tembo wenye nywele chache kama ufagio uliochakaa. Akavaa glavu mpaka begani. Akaingiza mkono, taratibu, akisema naye kama Mzee Lugendo alivyokuwa akisema naye. "Samahani, Bi Mkubwa. Samahani." Kwanza akatia kichupa akachukua sampuli chafu, mbichi, kama ilivyo. Kisha akaingiza mpira, akampa maji vuguvugu yenye chumvi, ndoo juu ya ndoo, na tembo mzima akaanza kuyanywa kwa nyuma, maana ndivyo tembo mgonjwa anavyonyweshwa akikataa kwa mdomo. Halafu dawa. Bi Mkubwa akashusha pumzi ndefu, kwaya ikadhani ni wimbo wao, ikapandisha sauti.

Nyamizi akangoja akamatwe.

Hakukamatwa. Askari wa zamu alisimama hatua chache tu kutoka pale, macho mbele, shingo inamtetemeka kwa kujizuia. Waziri aliendelea. Ndipo Nyamizi akaelewa. Ili mtu amshtaki, lazima awepo shahidi. Ili awepo shahidi, lazima mtu awe ametazama nyuma. Na kutazama nyuma ni kosa. Kumbe pale palikuwa mahali salama kuliko pote katika nchi ile. Angeweza kuja siku ya kwanza, kabla keki haijakauka kwenye sahani. Alichokiogopa hakikuwa na macho.

Alirudi kila siku mpaka dozi ikaisha. Sampuli aliipeleka maabara kwa jina la mbwa wa dada yake, bila marashi. Salmonela iliota visahani vikajaa. Maabara ikaandika pembeni: mbwa huyu anakula majani mengi, na tunampa pole mwenye nyumba.

*

Bi Mkubwa akapona. Siku alipodondosha donge la kwanza, gumu, zuri, lenye nyuzi za majani, Mheshimiwa Kibwagizo alitangaza taifa limeshinda huzuni kwa nyimbo, kama alivyosema Baba Mtukufu. Likaandaliwa gwaride. Daktari atavishwa nishani ya Utambuzi wa Juu wa Ugonjwa.

Uwanja ulijaa. Viongozi walisimama mstari wa mbele, wembamba kuliko mwaka jana, wamevaa makoti marefu ingawa kulikuwa na joto. Nishani ikabandikwa kifuani pa Nyamizi. Ilikuwa na kichwa cha tembo.

"Kuna mwananchi ana swali kwa Daktari," akasema mshereheshaji, kwa maana ratiba iliruhusu mwananchi mmoja mwenye shukrani.

Akapanda mama aliyejifunga kanga nyeusi. Alikuwa Mama Semeni, mjane wa Mzee Lugendo. Alipewa kipaza sauti, akakishika kama mtu anayeshika mwiko wa jirani.

"Mama Daktari, shikamoo ya kazi. Mimi sina shukrani, nina swali. Nembo aliimbiwa akapona. Mume wangu aliimba mwenyewe, akafa. Majirani wanasema hakuwa na uzalendo. Watoto wangu wanazomewa njiani: baba yenu aliimba uongo. Nimekuja kuuliza tu. Alikosea wapi? Ni maneno? Ni sauti? Uniambie, nikawafundishe watoto wasije wakakosea na wao."

Waziri akamnong'oneza Nyamizi, "Sema alikosea ubeti wa pili."

Nyamizi akautazama uso wa yule mama, uso wa mtu anayeona aibu kwa niaba ya marehemu wake, na aibu yenyewe si yake.

"Hakukosea," akasema. Akasogeza kipaza sauti. "Mzee Lugendo alikuwa anahara. Tembo alikuwa anahara. Salmonela, kutoka kwenye keki. Mimi nilijua."

Neno lile lilipotoka, uwanja mzima ulifanya kile ulichofundishwa tangu shule. Uligeuka. Viongozi, askari, kwaya, wananchi, wote wakampa mgongo, wakatazama mbele yao mpya, wasiwe mashahidi. Makoti yakapepea.

Hivyo Nyamizi akajikuta kasimama nyuma ya taifa zima. Na akaona. Suruali za waziri, za mwanasheria, za wajumbe wa kamati, za wakuu wa idara zote zilizobonyeza keki ile, zilikuwa na ramani. Nyingine zilikauka zamani, nyingine zilikuwa mbichi. Wiki zote hizo walitembea hivyo, kila mmoja akitazama mbele, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Mama Semeni tu hakugeuka.

"Kwa hiyo ulikuwa na jina la ugonjwa wake," akasema polepole.

"Nilikuwa nalo, mama."

"Na kule hospitali, ungewaambia jina hilo, wangempokea?"

"Wangempokea."

"Neno moja?"

"Moja."

Mama Semeni akamtazama, akaitazama nishani, akamtazama tena. Alionekana kama anatafuta tusi, na lugha nzima haikuwa na linalotosha. Akaweka kipaza sauti chini, taratibu, kisigonge.

Kisha naye akageuka akampa mgongo. Ila yeye hakugeuka kwa sheria.